Geji Haiuoni Upepo

Anayetafuta geji ya upepo kwenye duka la vipuri huwekewa aina tatu kwenye kaunta. Iko ya kalamu, nyembamba, ambayo kijiti chenye namba huchomoka mkiani mwake. Iko ya mshale, yenye uso wa mviringo. Na iko ya dijitali, yenye kioo kidogo na betri. Wauzaji na wanunuzi wamezoea kubishana ipi ndiyo ya kuaminika, na mara nyingi ubishi huishia kwenye bei: iliyo ghali ndiyo msema kweli. Naona ubishi huo umeanzia mahali pasipofaa. Hakuna geji hata moja inayouona upepo ulio ndani ya tairi. Kila moja hujitazama yenyewe, ikapima jinsi mwili wake ulivyobanwa, ulivyonyooka au ulivyopinda, kisha ikatamka namba kwa niaba ya upepo. Kwa lugha ya mahakama, huo ni ushahidi wa mazingira, na uzito wake unategemea mambo ambayo kwa sehemu kubwa yako nje ya geji. Anayeyajua mambo hayo atapima vizuri kwa geji ya bei ndogo. Asiyeyajua, hata ile ya maabara haitamfaa.

Tuanze na ya kalamu, kwa kuwa haifichi chochote. Kichwa chake kikikandamizwa kwenye valvu ya tairi, husukuma sindano ndogo iliyo katikati, na hewa hupata njia. Valvu yenyewe ni kazi ya August Schrader wa New York, aliyeipatia hataza mwaka 1893, na hadi leo ndiyo iliyo kwenye takriban kila gari barabarani. Hewa ikishaingia kwenye kalamu hukutana na pistoni, na nyuma ya pistoni kuna springi. Pistoni husukumwa mpaka nguvu ya springi ilingane na nguvu ya hewa. Upande huo huo wa springi kuna kijiti ambacho hakikufungwa na pistoni. Husukumwa nje, na pistoni inaporudi chenyewe hubaki pale pale kikionyesha namba. Kisayansi, kinachotegemewa hapa ni kanuni aliyoichapisha Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: springi hubanwa kwa kadiri ya nguvu inayoibana. Basi kalamu haipimi presha, inapima urefu wa springi. Springi ikilegea kwa umri, vumbi likiingia kwenye bomba, au mpira wa pistoni ukikauka na kuvujisha hewa pembeni, kijiti kitachomoka kwa ujasiri ule ule na kusema jambo lisilo kweli. Lakini geji hii haina betri ya kuisha, na ikiharibika mara nyingi huonekana, maana kijiti hukwama au hutoka kwa kusitasita.

Ya mshale ina historia tamu zaidi, na haikuzaliwa kwa ajili ya matairi. Mwaka 1849, Eugène Bourdon, fundi wa saa na mashine wa Paris, alipata hataza ya kipimo cha presha ya mvuke. Huo ulikuwa wakati wa boila za treni na viwanda, na boila iliyozidiwa na mvuke iliua watu. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya bomba la mzunguko kubonyea wakati wa kulipinda. Alipolijaza maji kwa presha ili lirudi umbo lake, lilianza pia kujikunjua. Ndivyo bomba la Bourdon linavyofanya kazi: ni bomba jembamba la shaba nyeusi au chuma, lililobapwa na kupindwa nusu duara, upande mmoja wazi kwa hewa na upande wa pili umezibwa. Presha ikiingia, bomba hutaka kuwa mviringo tena, na katika kutaka huko hujinyoosha, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyojifumbua maji yanapofunguliwa. Ncha iliyozibwa husogea kidogo mno, pengine milimita chache tu, na msogeo huo hukuzwa kwa vijino vya gia mpaka mshale uzunguke uso mzima. Mshale unaotembea kwa mbwembwe kutoka 0 hadi 60 umebebwa na mtikisiko ambao jicho lisingeuona. Hapo ndipo pia udhaifu wake ulipo. Kitu kinachokuza msogeo mdogo hukuza na kosa dogo. Geji ikianguka sakafuni na gia ikaruka jino moja, au bomba likachoka kwa kubebeshwa presha kupita kiasi, mshale hauwezi kuungama.

Kuna jambo moja kuhusu geji za mshale ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi, nalo ni muhimu kuliko jina lililoandikwa usoni. Viwango vya utengenezaji huruhusu kosa kwa asilimia ya kipimo chote, tena kwa kawaida huwa vikali zaidi kwa eneo la katikati kuliko miishoni. Geji yenye uso wa hadi psi 160, ile ya malori, ikiruhusiwa kosa la asilimia 2, ina haki ya kukosea kwa zaidi ya psi 3 popote pale. Mwenye gari dogo anayetaka psi 32 akiitumia hiyo, atakuwa anasoma robo ya kwanza ya uso, ambako mshale hauaminiki sana, na kosa linaloruhusiwa tayari ni sehemu ya kumi ya kile anachokitafuta. Geji ya uso wa hadi 60, ya ubora ule ule na hata ya bei ya chini, itamhudumia vizuri zaidi kwa sababu 32 inakaa katikati yake. Huu ni mfano wa wazi kwamba swali la aina ni dogo. Geji mbili ndugu, zilizotoka kiwanda kimoja, zinatofautiana kwa manufaa kwa sababu tu ya namba iliyoandikwa mwisho wa uso.

Ya dijitali inadhaniwa kuwa imevuka matatizo hayo yote, kwa kuwa haina springi wala gia. Ndani yake kuna kiwambo chembamba cha silikoni, kilichowekewa vikinza vinne vilivyopangwa kama daraja. Presha hukipinda kiwambo kwa kiasi kidogo mno, na silikoni ikipindwa ukinzani wake wa umeme hubadilika sana, tabia iliyoelezwa na Charles Smith mwaka 1954 katika utafiti wake kwenye maabara za Bell nchini Marekani. Daraja hutoa volteji ndogo, saketi huigeuza kuwa tarakimu, na kioo huandika 31.5. Nusu ile ndiyo inayowalaghai watu. Uwezo wa kuonyesha nusu ya psi ni jambo moja, na uwezo wa kuwa sahihi kwa nusu ya psi ni jambo jingine kabisa. Kioo kinaweza kuandika desimali hata kama kihisi kimekosea kwa psi 2. Tena silikoni hubadilika kwa joto pia, si kwa presha peke yake. Ndiyo maana watengenezaji makini huweka fidia ya joto ndani ya saketi, na wasio makini huiweka kwa kubahatisha. Geji iliyoachwa juu ya dashibodi juani, kisha ikachukuliwa kupima, inapima huku yenyewe ina homa.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema nimezichafua zote tatu ili nibaki bila geji. Sivyo. Ninachosema ni kwamba zote ni za hali moja: hukisia. Na kukisia si kudanganya, mradi tujue kinachokisiwa ni nini. Tazama sifuri. Tairi lililolala chini, bapa, likipimwa, geji itasema 0, na dereva atasema halina upepo. Lakini limejaa hewa. Lina hewa ya presha ile ile iliyo nje yake, ambayo usawa wa bahari ni psi 14.7 hivi. Geji husema 0 kwa sababu inapima tofauti kati ya ndani na nje, na hapo tofauti haipo. Mtaliano Evangelista Torricelli alikwisha kueleza mwaka 1644 kwamba hewa iliyo juu yetu ina uzito. Septemba 1648, kwa maelekezo ya Blaise Pascal, shemeji yake Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na zebaki, akaonyesha kwamba uzito huo hupungua kadiri mtu anavyopanda. Jina la Pascal huyo ndilo lililopewa kipimo cha kPa, yaani kilopaskali, kinachoandikwa kwenye milango ya magari.

Jambo hilo haliishii kwenye vitabu. Gari likitoka Mombasa na psi 30 likafika Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, hewa ya nje imeshuka hadi psi 12 hivi. Bila mtu kugusa valvu, geji ingesoma karibu 33 kama joto lingekuwa lile lile. Lakini joto si lile lile. Kwa tairi la gari dogo, kila nyuzi 10 za Selsiasi hupandisha au kushusha presha kwa takriban psi 1 na nusu, na asubuhi ya Nairobi ina baridi kuliko ya Mombasa. Hivyo sehemu ya nyongeza huliwa na baridi. Je, geji imekosea? Hapana. Tairi nalo hubeba gari kwa tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo geji imesema kile tairi linachokihisi. Kilichokosewa ni dhana ya dereva kwamba 30 ni mali ya upepo aliojaziwa Mombasa, kitu anachosafiri nacho kama mzigo. Ni uhusiano kati ya tairi na mahali lilipo, saa ile.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii hutoka kwa wazoefu. Utingo wa lori hushuka akiwa na kipande cha chuma, akayagonga matairi moja baada ya jingine na kusikiliza. Fundi pancha huminya kwa kidole gumba. Dereva wa teksi hupiga teke. Kama geji hukisia tu, kwa nini makisio yao yasitoshe? Nayaheshimu masikio ya utingo kwa kazi moja: kwenye matairi pacha ya nyuma, lililokufa hutoa mlio tofauti na lililo hai, na katikati ya safari hilo ni jambo la kujua haraka. Lakini kati ya kufa na kuwa sawa kuna nafasi pana, na madhara mengi hutendeka humo. Tangu Michelin ilipolipatia hataza tairi la radiali mwaka 1946, ubavu wa tairi umekuwa mlaini. Hufura kidogo chini hata upepo ukiwa kamili. Lenye psi 24 na lenye psi 32 hufanana machoni. Lile la 24 hufanya ubavu upinde zaidi kila mzunguko, mpindo huzaa joto, na joto hulegeza gundi inayoshika mpira na mikanda ya chuma. Teke haliusikii mchakato huo. Makisio ya geji yana sifa moja ambayo teke halina: yanaweza kupelekwa mbele ya kipimo kingine yakakaguliwa.

Pingamizi la pili ni la kisasa: magari mapya yana taa ya kuonya kwenye dashibodi, basi geji za mkononi zimepitwa na wakati. Historia ya taa hiyo inatoa jibu lenyewe. Agosti 2000, Firestone iliita kutoka sokoni matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya ajali za tabaka la juu la tairi kuchomoka magari yakiwa kwenye mwendo. Vifo vilivyohusishwa na ajali hizo vilizidi 200. Kampuni mbili zilizokuwa na uhusiano wa karibu karne nzima zikaanza kunyoosheana vidole. Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwa gari hilo. Firestone ilitaka 30, na ikadai kwamba upepo mdogo ulizidisha joto. Ford ilijibu kwamba kasoro iko kwenye matairi, na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihitimisha mwaka 2001 kwamba matairi yalikuwa na kasoro kweli. Sitaki kuifungua kesi hiyo upya. Nataka tu kumfikiria mwenye Explorer aliyekuwa na geji bora kuliko zote duniani. Angepima kila asubuhi, angesoma 26 barabara, na angeondoka ameridhika. Geji yake isingekuwa na neno la kumwambia kuhusu mabishano ya 26 na 30, kwa kuwa hayo hayakuwa ndani ya tairi. Yalikuwa kwenye ofisi za wahandisi.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka ule ule wa 2000, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa huko lilipaswa kuwa na taa ya upepo. Ulaya ikafuata kwa magari yote madogo mapya kuanzia Novemba 2014. Taa ya Marekani inalazimishwa kuwaka presha inaposhuka kwa asilimia 25 chini ya iliyopendekezwa. Piga hesabu: gari la psi 32 linaweza kukaa kimya mpaka 24. Taa hutangaza hatari, haitunzi afya. Na aina zake nazo hukisia. Ile ya moja kwa moja ina kihisi na betri ndani ya gurudumu, kikituma taarifa kwa redio. Ile isiyo ya moja kwa moja haipimi presha hata kidogo, hutazama mizunguko ya magurudumu kupitia mfumo wa breki, kwa kuwa tairi lililopungua upepo lina kipenyo kifupi na huzunguka haraka kuliko wenzake. Mfumo wa namna hiyo, kwa hesabu hiyo ya kulinganisha peke yake, matairi yote manne yakipungua sawasawa huona amani. Tena hufundishwa na dereva: akibonyeza kitufe cha kuanza upya matairi yakiwa na 22, utashika 22 kuwa ndiyo haki.

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki taa hiyo ni habari za jirani. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi hayana taa hiyo. Yana kitu bora zaidi, ambacho hakisomwi: karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi imeandikwa Kijapani, lakini namba hazihitaji mkalimani. Utaona saizi ya tairi, kisha 220 au 230, kipimo kikiwa kPa, na pembeni 2.2 au 2.3 kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Geji ya kituo cha mafuta inasema psi, au bar. Ukigawanya 220 kwa 6.9 unapata 32 kasoro kidogo. Hapa ndipo kosa kubwa linapotendeka, na halisababishwi na geji ya aina yoyote: mtu huacha karatasi ya mlango, akainama kusoma ubavu wa tairi, akakuta namba kama 44 au 51, akaagiza ijazwe hiyo. Namba ya ubavuni ni kikomo ambacho tairi lenyewe linaweza kustahimili, nayo haijui limefungwa kwenye gari gani. Ya mlangoni imehesabiwa kwa uzito wa gari. Gari la kilo 1,200 huweka takriban kilo 300 kwenye kila gurudumu. Kwa 220 kPa, hesabu ya haraka inaonyesha kwamba kila tairi hushika lami kwa eneo la sentimita za mraba 134 hivi. Ukijaza 44 eneo hilo hupungua kwa zaidi ya robo, na breki ya ghafla kwenye lami yenye maji hutegemea kile kilichobaki.

Lipo pia suala la saa ya kupima. Namba ya mlangoni ni ya tairi baridi. Tairi lililokimbia kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mchana linaweza kuwa limepanda psi 4 au zaidi. Anayelipima hapo, akakuta 36, akatoa hewa mpaka 32, ameondoka Morogoro na tairi ambalo kesho alfajiri litakuwa na 28. Ameisoma geji vizuri na amelidhulumu tairi.

Kama kila geji hukisia, nani hukagua makisio? Zipo maabara ambako geji huunganishwa na pistoni ya eneo linalojulikana kwa uhakika, juu yake yakapangwa mawe ya uzito unaojulikana. Presha inayoinua mawe hayo haihitaji kukisiwa. Ni uzito kugawanywa kwa eneo, na psi yenyewe ni hivyo tu, paundi moja juu ya inchi moja ya mraba. Ulaya, kwa agizo la mwaka 1986, iliweka kikomo cha kosa kwa geji za matairi: 0.08 bar kwa presha isiyozidi bar 4, yaani psi 1 na kidogo. Kikomo hicho kinaweza kufikiwa na geji za aina zote tatu zikitunzwa, na kukoswa na zote zikitelekezwa. Tofauti inaletwa na ukaguzi. Wenye magari nchini Tanzania wamejifunza kutazama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu ya mafuta, kwa kuwa lita iliyopunjwa inauma mfukoni siku ile ile. Ile geji iliyoning'inia kwenye mpira wa upepo hatua chache kutoka pampuni, iliyoburutwa sakafuni na kukanyagwa na magari, haiulizwi na mtu, ingawa ndiyo inayoamua matairi ya mamia ya watu kwa wiki.

Kwa hiyo, msomaji, nunua geji unayoimudu, mradi namba ya mlango wa gari lako iangukie katikati ya uso wake. Itumie hiyo hiyo kila mara, asubuhi kabla ya kuondoka, na utafute nafasi ya kuilinganisha na iliyohakikiwa. Ukifika kituoni kujaza upepo, kabla ya kumtajia kijana wa pampu namba unayoitaka, muulize geji yake ilikaguliwa lini.